Drams za zamani: Ugumu wa kuoanisha rangi ya mbao mpya na ya kale

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

DRAMS za mbao zilizotengenezwa nusu karne iliyopita zina sifa moja isiyouzwa dukani: rangi iliyokomaa kwa umri. Pete ya mbao inapovunjika, au mzinga mmoja unapopotea na kutafutiwa mbadala, sehemu mpya hujitokeza mbele ya macho ya watu kama kiraka cha kitambaa kipya katika kanzu iliyofuliwa kwa miaka mingi.

Wengi hudhani suluhisho ni jepesi: kwenda Kariakoo, kununua kopo la rangi iliyoandikwa jina la mti unaofanana na ule wa drams, kisha kupaka. Matokeo yake huwa ni pete nyekundu mno, au nyeusi yenye mabaka, iliyofungwa kwenye ngoma ya rangi ya asali.

Kosa hilo lina gharama. Rangi ikishanywewa na mbao haiondoki kwa kufutwa, bali kwa kukwanguliwa pamoja na tabaka la juu la mbao yenyewe. Mwenye chombo anaweza kujikuta ameharibu kilicho kizima akitafuta kukifananisha na kilichoharibika.

Urithi wa enzi za dansi

Kwa wakazi wa Dar es Salaam suala hili si la kigeni hata kidogo. Mnazi Mmoja, eneo la wazi lililoachwa tangu enzi za ukoloni kati ya katikati ya mji na makazi ya Waafrika ya Kariakoo, liko jirani na kumbi zilizolea muziki wa dansi nchini.

Ukumbi wa Arnautoglu, unaobeba jina la mfanyabiashara mwenye asili ya Ugiriki aliyetoa fedha za kuujenga katika miaka ya 1950, ulikuwa mahali pa mikutano, masomo ya watu wazima na madansi. Upande wa Kariakoo, ukumbi wa DDC uliendeleza desturi hiyo kwa vizazi vilivyofuata.

Baada ya Uhuru, bendi nyingi zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikapitia majina ya JUWATA na OTTU hadi kuwa Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa mali ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao.

Katika utaratibu huo magitaa, vipaza sauti na drams vilikuwa mali ya mwajiri, si ya mwanamuziki. Uhaba wa fedha za kigeni ulipobana nchi mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, kuagiza ala mpya kukawa kugumu. Kilichokuwapo kikatunzwa, kikatengenezwa na kuungwaungwa.

Ndiyo sababu si ajabu kukuta seti ya drams ambayo ngoma yake kubwa ya mguu imetoka kiwanda kimoja na ngoma za kati zimetoka kingine. Seti ya namna hiyo inaweza kulia vizuri sana, lakini jukwaani inaonekana kama timu iliyovaa jezi tofauti. Hapo ndipo kazi ya kuoanisha rangi inapoanza.

Jambo la kwanza: Je, ni rangi au ni gamba?

Kabla ya kufikiria kopo la rangi, mwenye drams anapaswa kujua anachotazama. Viwanda vikubwa vya karne iliyopita, kama Ludwig ya Chicago iliyoanzishwa mwaka 1909 na Premier ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1922, vilitoa ngoma za aina mbili kuu kwa upande wa mwonekano.

Aina ya kwanza ilipakwa rangi au kuachwa na rangi ya mbao, kisha ikafunikwa kwa laka au vanishi. Aina ya pili ilivikwa gamba la plastiki lenye kung'aa, mistari au madoa kama lulu. Gamba hilo halinyonyi rangi ya mbao, na magamba mengi ya zamani yalitengenezwa kwa seluloidi, ambayo hushika moto kwa urahisi mkubwa. Halipaswi kusogezwa karibu na mwali wala kukwanguliwa kwa kifaa cha moto.

Hata hivyo, ngoma zilizovikwa gamba nazo huwa na pete za mbao kwenye ngoma ya mguu. Pete hizo ndizo huumia kwanza, kwa kuwa kibano cha pedali huuma mbao mahali palepale kila siku, na ndizo husimama sakafuni penye maji na jasho. Kwa hiyo kazi nyingi za kuoanisha rangi huhusu pete, si mzinga.

Jambo la pili ni kutafuta mahali palipofichwa. Chini ya vishikio vya chuma, chini ya nembo ya kiwanda na chini ya kitako cha ngoma za kati, mbao huwa haijaguswa na jua. Ukifungua parafujo moja na kuchungulia, utaona rangi mbili: ile iliyotoka kiwandani na ile iliyobadilishwa na miaka.

Fundi analazimika kuchagua moja. Kama sehemu mpya itasimama karibu na zile za zamani, anayopaswa kuifuata ni rangi ya sasa, inayoonekana, wala si ile ya kiwandani. Wanaofuata kitabu cha rangi cha kiwanda huishia na kitu sahihi kwa historia lakini kisichofanana na jirani yake.

Kwa nini rangi moja hutoa matokeo tofauti

Rangi za mbao ni za makundi mawili. Kundi la kwanza ni rangi inayoyeyuka kabisa katika maji, spiriti au thina, kama sukari katika chai. Hupenya ndani ya nyuzi, huacha mbao ikionekana wazi, lakini nyingi kati yake hupauka upesi zikikaa juani.

Kundi la pili ni chembe ndogo za rangi zilizochanganywa na mafuta au gundi nyepesi. Chembe hizo haziyeyuki, bali hukaa katika vitundu na mikwaruzo ya mbao. Huhimili mwanga zaidi, lakini zikizidi huficha nyuzi na kufanya mbao ionekane imepakwa rangi ya ukutani.

Kutokana na tofauti hiyo, msasa una nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mbao iliyosuguliwa kwa msasa namba 120 ina mikwaruzo mikubwa, hushika chembe nyingi na kuwa nyeusi. Mbao hiyohiyo ikisuguliwa hadi namba 220 hushika chembe chache na kuwa nyepesi. Mtu anayesugua nusu ya pete kwa msasa mmoja na nusu kwa mwingine atapata rangi mbili kutoka kopo moja.

Aidha, ncha za mbao, yaani pale nyuzi zilipokatwa, hunywa rangi kama mirija. Pete za ngoma hutengenezwa kwa vipande vyembamba vilivyopindwa na kugandishwa, hivyo kwenye maungio huwa na ncha hizo. Zisipozibwa kwanza kwa vanishi nyepesi sana, hugeuka nyeusi kuliko sehemu nyingine.

Adui mwingine ni gundi. Tone la gundi lililokauka juu ya mbao huzuia rangi kupenya na kuacha doa jeupe ambalo huonekana tu baada ya kupaka. Dawa yake ni kuifuta gundi ikiwa bado mbichi kwa kitambaa chenye maji, kisha kusugua eneo hilo kwa msasa likikauka.

Mbao ya nyumbani haina budi kuchaguliwa kwa makini

Ngoma nyingi za Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa mbao nyeupe au za rangi hafifu, kama mepo na bechi, na nyingine kwa mahogani. Fundi wa Keko au Gerezani anayeombwa kuchonga pete mpya ana mninga, mkongo, mvule na mtiki karibu naye. Ni mbao nzuri sana, lakini karibu zote zina rangi yake zenyewe.

Kanuni ya msingi ni kwamba rangi ya mbao huongeza giza, haiondoi. Pete ya mninga wenye wekundu wa kahawia haiwezi kufanywa ifanane na pete ya mepo yenye rangi ya asali kwa kupaka chochote juu yake. Ikiwa drams ni za rangi nzito ya kahawia, mninga unaweza kufaa. Ikiwa ni za rangi hafifu, utashindwa tangu mwanzo.

Msonobari, ule unaovunwa kwa wingi katika mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi, ni mweupe na hupatikana kwa bei nafuu. Tatizo lake ni kwamba mistari yake laini hunywa rangi nyingi na ile migumu hunywa kidogo. Ukiipaka rangi, picha ya mbao hugeuka: palipokuwa peupe panakuwa peusi, na palipokuwa peusi panabaki peupe. Zaidi ya hayo, ni mbao laini isiyovumilia kibano cha pedali kwa muda mrefu.

Njia inayotoa matokeo bora ni kuunganisha vipande vyembamba vya mbao nyeupe na ngumu, tabaka juu ya tabaka, kuzunguka kalibu ya duara, na kuhakikisha tabaka la nje lina nyuzi zinazofanana na za zamani. Nyuzi zikifanana, jicho husamehe tofauti ndogo ya rangi. Zisipofanana, hata rangi iliyo sahihi kabisa haitalidanganya.

Ikumbukwe pia kwamba mbao haitulii. Mepo hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na mvule hutoka manjano na kuingia kahawia. Sehemu mpya itaendelea kubadilika baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Kwa sababu hiyo ni busara kuiacha iwe nyepesi kidogo kuliko jirani yake, ili umri uikamilishe kazi.

Sampuli ndiyo siri ya kazi

Hakuna hatua yenye faida kubwa kuliko ya kujaribu kwanza kwenye kipande cha majaribio. Kipande hicho lazima kiwe cha mbao ileile, kimesuguliwa kwa msasa uleule na kitafunikwa kwa vanishi ileile. Sampuli ya mbao nyingine haithibitishi lolote.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza, andaa vipande vitano au sita na uvipe namba. Pili, changanya rangi kwa kipimo kinachoweza kurudiwa, kwa mfano bomba la sindano au kijiko kimoja, si kwa kukisia. Tatu, andika kila mchanganyiko. Nne, paka, acha dakika zilezile kwa kila kipande, kisha futa kwa kitambaa kisafi kufuata nyuzi.

Anza na mchanganyiko mwepesi. Rangi hafifu inaweza kuongezwa kwa mkono wa pili au wa tatu, lakini iliyozidi hairudi nyuma. Mafundi wenye subira hufika kwenye rangi wanayoitaka kwa hatua tatu ndogo badala ya hatua moja kubwa.

Sampuli ikionekana nyekundu mno, tone la kijani huupunguza wekundu huo. Ikiwa ya rangi ya chungwa kupita kiasi, bluu kidogo huituliza. Manjano iliyozidi huzimwa na zambarau. Kinachotakiwa ni matone machache. Ukizidisha, rangi hupoteza uhai na kuwa kama tope.

Usiihukumu sampuli ikiwa kavu bila vanishi. Mbao kavu huonekana imepauka, na wengi huongeza rangi kwa hofu isiyo na msingi. Njia ya haraka ya kukisia ni kuilowesha kwa spiriti kidogo na kuitazama kabla haijakauka, lakini kwanza uhakikishe kuwa rangi uliyotumia si ya spiriti, la sivyo utaifuta. Uamuzi wa mwisho usubiri vanishi kamili.

Vanishi nayo ni rangi

Hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi. Laka ya selulosi iliyotumika katika ngoma nyingi za zamani hugeuka manjano kwa umri, na vanishi ya mafuta huwa na rangi ya kaharabu tangu siku ya kwanza. Vanishi nyingi za kisasa za maji hukauka zikiwa wazi kama kioo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya joto la rangi linaloonekana kwenye drams za zamani halimo katika mbao, bali katika tabaka la juu. Anayejaribu kulileta joto hilo kwa kuitia mbao rangi nyingi, kisha akafunika kwa vanishi wazi, hapati kina kilekile. Njia sahihi ni kupaka mbao rangi nyepesi, kisha kutumia vanishi yenye manjano kidogo, kama ya mafuta au shelaki.

Kujua tabaka la zamani ni la aina gani, dondosha tone la spiriti mahali palipofichwa. Likilainika na kunata, ni shelaki. Lisipolainika, jaribu tone la thina ya laka. Likiyeyuka, huenda ni laka ya selulosi. Lisipotikisika kwa vyote viwili, yaelekea ni vanishi ngumu zaidi. Kipimo hiki kifanywe kwa tone moja tu, kisifanywe kwenye sehemu inayoonekana wala juu ya gamba la plastiki.

Hali ya hewa ya pwani inaongeza mtihani. Laka inayokauka haraka hupoza uso wa mbao na kuvuta unyevu wa hewa, nao huacha ukungu mweupe ndani ya tabaka. Katika masika, kati ya Machi na Mei, ni vyema kusubiri siku kavu, kupaka saa ambazo unyevu umepungua, na kupaka matabaka membamba.

Tazama chini ya mwanga zaidi ya mmoja

Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya karakana na kutofautiana waziwazi nje. Sababu ni kwamba kila taa ina mchanganyiko wake wa miale, na rangi zilizotengenezwa kwa viambato tofauti huirudisha miale hiyo kwa namna tofauti.

Sampuli, kwa hiyo, itazamwe kivulini mchana, kisha chini ya taa ya manjano ya ndani, na ikiwezekana chini ya taa za ukumbi ambamo bendi itapiga. Ikiwa haiwezekani kufanana kote, mwenye drams aamue ni wapi anataka zifanane: jukwaani usiku, au mchana mbele ya mnunuzi.

Ni muhimu pia kuishika sampuli katika mkao uleule wa sehemu itakayofungwa. Nyuzi za mbao hurudisha mwanga kwa kufuata mwelekeo wake, na kipande kinachoonekana sawa kikiwa kimelala kinaweza kugeuka cheusi kikisimamishwa.

Sauti isisahaulike

Ukingo wa mzinga ambapo ngozi hulala ndio moyo wa sauti ya ngoma. Ukingo huo usipakwe vanishi nzito wala kusuguliwa ovyo kwa msasa, kwani ukipoteza usawa wake ngozi haitakaza sawasawa na ngoma haitashika sauti.

Vilevile, matabaka manene ya vanishi upande wa nje huongeza upana wa mzinga. Ngoma ambayo ngozi yake ilikuwa ikiingia kwa ulaini inaweza kuikataa baada ya kupakwa.

Moto na vumbi

Karakana nyingi za katikati ya jiji ni finyu na zimepakana na maduka na makazi. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na tukio hilo liliwakumbusha wakazi jinsi moto unavyoweza kula mali nyingi kwa muda mfupi penye msongamano.

Thina na spiriti hutoa mvuke unaowaka. Hatari isiyojulikana sana ni matambara yaliyolowa mafuta ya kitani: yakikunjwa na kutupwa kwenye kona, hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, au yalowekwe katika maji ndani ya chombo cha bati chenye kifuniko.

Tabaka za rangi za miongo iliyopita zinaweza kuwa na risasi. Zisisuguliwe kavu bila barakoa, wala mahali wanapocheza watoto.

Lini usipake kabisa

Miongoni mwa wakusanyaji wa ala za zamani duniani, drams zenye mwonekano wake wa asili, hata zikiwa na mikwaruzo, kwa kawaida huthaminiwa kuliko zilizopakwa upya. Mkwaruzo ni ushahidi wa maisha ya chombo; tabaka jipya hufuta ushahidi huo.

Kwa mantiki hiyo, kupaka upya kuwe kwa sehemu iliyobadilishwa au iliyopoteza rangi kabisa. Mzinga mzima ambao umepauka tu usafishwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukaushwe na kuachwa. Kuubadilisha mzinga wa zamani ili ufanane na pete mpya ni kumbadilisha mwenyeji kwa ajili ya mgeni.

Pete iliyovunjika nayo isitupwe. Itunzwe ndani ya begi pamoja na seti, kwa kuwa ndiyo kielelezo cha rangi ya kweli na aina ya mbao, na huenda siku moja fundi mwingine akaweza kuiunga.

Mwisho, ndani ya mzinga ambako hakuna anayeona, ibandikwe karatasi ndogo yenye tarehe, aina ya mbao iliyotumika, vipimo vya mchanganyiko wa rangi na aina ya vanishi. Bendi hubadilisha wanamuziki, kumbi hufungwa na ala huhama mikono. Atakayezifungua drams hizo miaka 30 ijayo atakuwa na mahali pa kuanzia, badala ya kukisia kwa kukwangua.